Somo la 31: Mikono ya kijiji

Watoto, mukiulizwa kijiji kina mali gani, wengi watajibu: mashamba, mbuzi, kuku, michikichi. Jibu hilo si baya, lakini linasahau mali kubwa kupita zote. Huku kwetu Moba, kando ya ziwa Tanganyika na juu ya milima ya Marungu, mahali pengi ardhi ya kulima ingali ipo. Kinachokosekana ni mikono, tena mikono kwa wakati wake.

Tazameni muhogo na mahindi. Muhogo ni mvumilivu: ukikomaa unaweza kukaa udongoni miezi mingi, ukimngoja mwenye shamba. Mahindi hayangoji mtu. Mvua huanza mwezi wa kumi, mbegu hupandwa, na majani mabaya huota pamoja nayo. Majuma ya kwanza yakipita bila kupalilia, majani yanakula chakula cha mahindi. Ukija baadaye na jembe utasafisha shamba, lakini mavuno yamekwisha kupotea.

Sasa tufanye hesabu. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mume wake alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi. Shamba lake lilikuwa na urefu wa mita 80 na upana wa mita 50, ndiyo mita za mraba 4.000. Tuseme mtu mmoja anapalilia mita za mraba 400 kwa siku. Basi kazi ni ya siku 10. Lakini mama yule alikuwa peke yake. Asubuhi alichota maji, alitwanga, alipika bukari na sombe, alimbeba mtoto mdogo mwenye homa. Alifika shambani jua limepanda, akafanya nusu ya kazi ya siku. Siku 10 zikawa 20, na majani hayakupumzika hata siku moja.

Akafikiri kumtoa binti yake masomoni. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mitihani ilikuwa karibu, kabla ya Noeli. Binti hakusema neno, lakini usiku alilia. Mama naye hakuwa mkatili: alijua nyumba isiyo na mahindi itafika wapi.

Jirani mmoja, bibi mzee, akamwambia: «Mwanangu, shamba lako si la kwako peke yako kulilima. Tafuta wenzako.» Wakakutana wanawake sita, wenye mashamba ya ukubwa ule ule. Wakapatana kupalilia pamoja, kila shamba siku mbili, kwa zamu. Ndiyo desturi ambayo mahali pengi ndani ya Kongo watu huita likelemba, ijapokuwa wengine hutumia jina hilo kwa kuwekeana franka.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano, mwerevu kweli, aliponisikia nikisimulia habari hii alisimama akasema: «Bruda, hakuna faida! Mashamba sita, kila moja siku mbili, jumla siku 12. Kila mama akilima peke yake angemaliza kwa siku 10.» Nilifurahi sana, sababu wakubwa wengi hawaoni neno hilo. Hesabu yake ni sawa. Lakini nani kati ya wale sita alikuwa na siku 10 nzima? Walipofanya kazi pamoja, bibi mzee aliwalinda watoto wote chini ya mti, na mwenye shamba la siku ile alileta chakula cha wote. Hivi wengine waliacha kinu nyumbani, wakafika shambani mapema. Tena hawakupanda wote siku moja. Aliyepanda kwanza alipaliliwa kwanza, na wa mwisho alipofikiwa mahindi yake yalikuwa bado machanga. Na mmoja aliposhikwa na homa, shamba lake halikufa: wenzake walifika, naye alilipa siku zile baadaye.

Kulipa siku! Hapo ndipo penye ugomvi mara nyingi. «Mimi nilikuja mara tatu, wewe mara mbili.» Kwa hiyo walihitaji mtu wa kuandika. Kati ya wale wanawake sita hakuna aliyejua kuandika vizuri. Wakamwita yule binti.

Wengine walijua zamani sana bei ya mikono ya kijiji. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Migodi ilitaka watu, na watu walikuwa vijijini. Vijana wakachukuliwa mbali, jembe likabaki kwa wanawake na wazee. Tena toka mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanakijiji kulima mimea fulani, kama pamba, hata siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku zile zikafanywa 120. Kila siku iliyokwenda kwenye pamba ya amri ilikatwa katika siku za mahindi na maharagi. Wale wakubwa walihesabu mikono tu. Hawakuuliza nani amebaki nyumbani na mtoto mwenye homa.

Turudi kwa mama yetu. Shamba lake lilipaliliwa siku ya tatu na ya nne. Binti alikwenda masomoni kila siku, na siku ya posho alishika jembe pamoja na wakubwa. Jioni alikaa mlangoni na daftari, akaweka alama moja kwa kila siku ya kila mama. Ukurasa wa mwisho bibi mzee aliomba aandikwe naye pia, kwa siku 12 za kulinda watoto. Wanawake walibishana kidogo, kisha wakakubali.

MAULIZO

Kwa nini muhogo unaweza kungoja, na mahindi hayawezi?

Wangekuwa wanawake wanne tu, wangemaliza kupalilia shamba moja la mita 80 kwa 50 kwa muda gani?

Bibi mzee hakushika jembe. Je, ilikuwa haki kumwandikia siku 12? Toeni sababu zenu.