Swali na Jibu: Patasi yangu imevunjika, chuma kibovu?

Swali: Mimi ni fundi majahazi, Pangani. Patasi niliyofuliwa na mhunzi imevunjika kwa pigo moja, na palipovunjika panang'aa punjepunje kama sukari. Chuma kilikuwa kibovu?

Jibu: Fundi, punje hizo zinashtaki moto kuliko chuma. Chuma ni fuwele ndogo zilizobanana. Kikikaa mno kwenye moto mkali, mipaka kati yao huhama: kubwa humeza ndogo, maana mipaka ikipungua, nishati nayo hupungua. Fuwele zikishakuwa kubwa, ufa hupita kirahisi.

Kumeza huko kuna hesabu yake. Mwaka 1952 mwanahisabati John von Neumann alionyesha kwamba, kwenye mchoro bapa, umbo lenye pande chini ya sita husinyaa, lenye zaidi ya sita hukua. Tangu miaka ya 1980 kompyuta huigiza hayo kwa vidoti vyenye namba za fuwele zao. Kidoti huchukua namba ya jirani pale nishati inaposhuka.

Kipande kilichobaki kinafaa kufuliwa upya. Kisha mhunzi akipashe hadi sumaku isikinase, yapata nyuzi 770 za Selsiasi, azidishe kidogo, akiache kipoe hewani, arudie mara mbili tatu. Fuwele mpya ndogo zitazaliwa. Hapo ndipo akitie makali. Mwambie asikiache tena motoni hadi king'ae njano.