Maneno ya Joto Kwenye Pakiti na Makopo

Ndugu mwanakisomo, sasa unajua kusoma Kiswahili. Lakini ukishika chupa ya dawa, pakiti ya mbegu au kopo la dawa ya mbu, mara nyingi utakuta maandishi ya Kiingereza. Usikate tamaa. Herufi zake ni zile zile unazozijua. Leo tutajifunza maneno machache ya Kiingereza yanayohusu joto. Hatujifunzi ili tujisifu kwamba tunajua Kizungu. Joto huharibu dawa, huua mbegu na huchoma nyumba, na onyo lake limeandikwa pale pale kwenye kopo.

Kwanza fahamu kwamba katika kila lugha maneno yana wenzao wanaofuatana nao. Chukua neno letu "kali". Sisi husema jua kali, homa kali, pilipili kali, kisu kikali na mbwa mkali. Neno ni moja, nalo linatosha kwa yote. Waingereza hawana neno moja la kufanya kazi yote hiyo. Jua kali kwao ni "hot sun", yaani jua la moto. Pilipili kali ni "hot pepper". Lakini homa kali ni "high fever", na maana ya "high" ni juu. Wao huiona homa kama kitu kinachopanda, kama maji ya mto wakati wa masika. Kisu kikali ni "sharp knife", na mbwa mkali ni "fierce dog". Kwa hiyo usijifunze neno moja moja. Jifunze neno pamoja na mwenzake.

Tena sisi husema, "Nasikia joto." Mwingereza hasikii joto. Yeye husema "I feel hot". Ukimwambia kwamba unasikia joto kwa neno lake la kusikia, atadhani joto lina sauti!

Sasa tuje kwenye dawa. Kadi ya zahanati inaweza kuandikwa "high temperature". Hutamkwa hai tempricha. Maana yake ni kwamba joto la mwili limepanda. Joto la mtu mwenye afya ni karibu nyuzi 37. Likifika nyuzi 38 ni homa. Kwenye kadi, nyuzi huandikwa kwa kiduara kidogo juu ya mstari na herufi C, hivi: 38°C.

Kwenye chupa au boksi la dawa tafuta maneno haya: "Store below 30°C". Neno "store" linafanana na stoo yetu, lakini hapa maana yake ni hifadhi. "Below" ni chini ya. Basi unaambiwa: hifadhi mahali ambapo joto halizidi nyuzi 30. Nyumba ya bati isiyo na dari, saa saba mchana wakati wa kiangazi, hupita nyuzi 30. Dawa iliyopachikwa juu chini ya bati inaharibika hata kama tarehe yake haijapita. Rangi yake yaweza kubaki ile ile, lakini nguvu imepungua. Juu ya mafiga ni pabaya vilevile. Iweke chini, kwenye kivuli, mbali na moto, mahali ambapo watoto hawafiki.

Mara nyingi utakuta "Store in a cool, dry place". Hutamkwa stoo in a kul drai pleis. Maana yake ni hifadhi mahali pasipo joto na pakavu. Maneno haya yapo pia kwenye pakiti nyingi za mbegu. Mbegu ni kitu chenye uhai. Ikikaa kwenye joto na unyevu, kiini chake hufa, nawe utapanda shamba zima na kungoja miche isiyotokea. Mwanakisomo mmoja aliniuliza kama "cool" ni lazima jokofu. Sivyo. Kivuli na hewa vinatosha. Dawa inayotaka jokofu huandikwa "Keep refrigerated" au "2°C to 8°C". Chanjo nyingi ziko hivyo, na insulini ya wagonjwa wa kisukari kabla haijaanza kutumiwa. Zikiandikwa "Do not freeze", zisigande barafu. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena. Mgonjwa asiye na jokofu amwulize mganga habari ya kuhifadhi kwa vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa maji.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu huungua. "Flammable" maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi. Utaliona kwenye makopo ya rangi, spiriti na petroli. Wale waliosoma Kiingereza kidogo hujua kwamba "in" mwanzoni mwa neno mara nyingi hukanusha. Wakiona "inflammable" hudhani ni kitu kisichowaka. Hapana! "Inflammable" pia ni kitu kinachowaka. Maneno hayo mawili yana maana moja. Kisichowaka ni "non-flammable". Mimi naona Waingereza wenyewe wangefuta neno moja tukapumzika, lakini makopo bado yanalo.

Pamoja nalo utakuta "Keep away from heat", weka mbali na joto. Kopo la dawa ya mbu ya kupuliza huwa na onyo usilitoboe wala kulichoma, hata likiwa tupu. Hewa iliyobaki ndani hutanuka kwa joto na kopo hupasuka kama bomu. Usilitupe katika takataka zinazochomwa.

Neno moja la kupumzikia. Waingereza hutoka nchi ya baridi, hivyo kwao joto ni wema. Mapokezi mazuri huyaita "warm welcome", mapokezi ya uvuguvugu. Sisi wa nchi ya jua tukifarijiwa husema moyo umepoa.

Mazoezi

1. Soma: "Store in a cool, dry place." Nyumbani kwako mahali hapo ni wapi?

2. Kopo limeandikwa "inflammable". Je, utaliweka karibu na jiko? Eleza.

3. Homa kali kwa Kiingereza ni nini? Na pilipili kali?

4. Leta darasani pakiti au boksi tupu la dawa ya binadamu au la mbegu. Usilete kopo la dawa ya wadudu, kwa sababu hata likiwa tupu lina sumu. Tafuteni pamoja maneno ya joto na myaandike ubaoni.