Bunduki Iliyoitwa Irudi Kiwandani

Kila chombo kinachotengenezwa na binadamu huweza kutoka kiwandani kikiwa na kasoro. Cherehani huweza kuruka mishono, na breki za motakaa huweza kulegea. Ikiwa kiwanda kimegundua kasoro hiyo baada ya kuuza maelfu ya vyombo, desturi ya biashara njema ni kutangaza mbele ya watu wote ya kuwa kila aliyenunua chombo cha namna ile akirudishe, kikatengenezwe bila malipo. Mwenye motakaa hulipeleka gari lake kwa wakala wa kampuni asubuhi, akalichukua jioni. Lakini chombo chenyewe kikiwa ni bunduki, mambo huwa mengine kabisa, kwa maana bunduki haitiwi katika sanduku la posta kama barua. Mfano wa jambo hili ulionekana huko Marekani mwaka 2014, nao una mafunzo kwa ye yote anayeweka nyumbani chombo cha hatari.

TANGAZO LA MWAKA 2014

Kampuni ya Remington ilianzishwa mwaka 1816, na kwa miaka mingi kiwanda chake kikubwa kilikuwa katika mji wa Ilion, jimbo la New York. Mwaka 1962 ilianza kuuza bunduki ya kuwindia iitwayo Model 700. Wawindaji waliipenda sana, baba akamwachia mwanawe, hata ikawa miongoni mwa bunduki zilizoenea mno katika nchi ile.

Mwezi wa Aprili 2014 kampuni ilitangaza ya kuwa bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio kiitwacho X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu tarehe 1 Mei 2006 mpaka tarehe 9 Aprili 2014, zisitumiwe tena mpaka zimekaguliwa. Kifyatulio ni ule ulimi mdogo wa chuma unaovutwa kwa kidole, pamoja na vipande vya ndani vinavyoizuia bunduki isilie mpaka mtu ameuvuta. Uchunguzi wa kampuni ulionyesha kwamba katika baadhi ya vifyatulio hivyo, gundi iliyotumika wakati wa kuunganisha ilizidi kiasi. Kwa sababu hiyo, katika hali fulani, bunduki iliweza kulia pasipo mtu kukusudia.

Msomaji aliyepata kushika bunduki ataelewa mara moja uzito wa maneno hayo. Bunduki isiyolia inapotakiwa humkosesha mwindaji kitoweo, lakini bunduki inayolia isipotakiwa huweza kumwua mwenzake aliye mbele yake njiani, au mtoto aliye chumba cha pili.

Kampuni ilieleza pia njia nyepesi ya kuzitambua. Mwenye bunduki aliambiwa atazame uso wa ule ulimi. Ukiwa na mifereji midogo, kifyatulio si cha namna ile. Ukiwa laini, ndicho, na bunduki yapasa kurudishwa. Aliyekuwa na shaka aliweza kupeleka namba iliyochorwa kwenye chuma cha bunduki, akajibiwa. Aidha wenye bunduki walionywa wasijaribu kuitengeneza kasoro hiyo kwa mikono yao. Gharama za kuisafirisha bunduki, kuikagua na kuisafisha zilikuwa juu ya kampuni.

KWA NINI HAKUNA ALIYELAZIMISHWA

Watu wengi hudhani ya kuwa tangazo la namna hii ni amri ya Serikali. Kwa motakaa na michezo ya watoto, Serikali ya Marekani ina idara zenye uwezo wa kukilazimisha kiwanda kirudishe bidhaa mbaya. Mwaka 1972 Baraza la Congress lilitunga sheria iliyoanzisha Tume ya Usalama wa Bidhaa, ili kuwalinda wanunuzi; lakini silaha za moto ziliwekwa nje ya mamlaka ya tume hiyo. Idara inayotoa leseni za biashara ya silaha hukagua madaftari na kufuatia wahalifu, bali haina uwezo wa kuagiza bunduki za raia zikusanywe kwa ajili ya kasoro ya kifyatulio.

Kwa hiyo tangazo la bunduki hutolewa na kampuni kwa hiari yake, na mwenye bunduki huliitikia kwa hiari yake. Hapana mkaguzi atakayebisha hodi mlangoni kuuliza kama ameirudisha. Hata huenda tangazo lisimfikie kabisa, hasa ikiwa bunduki imekwisha kuuzwa mara mbili au tatu toka mkono hata mkono. Mzigo wote, basi, humwangukia raia mwenyewe.

SAFARI YA BUNDUKI

Na ufikiriwe mfano wa mkulima aishiye katika jimbo la milimani, mbali na miji mikubwa, ambaye amesoma tangazo na kuona kwamba ulimi wa bunduki yake ni laini. Atafanyaje?

Kwanza, ataacha kuitumia siku ile ile. Hatangoji barua wala sanduku. Ataielekeza bunduki mahali ambapo hata ikilia haitamdhuru mtu, atatoa risasi zote, atatazama ndani ya chemba kwa macho yake, kisha ataifungia. Hatategemea kile kifungo cha usalama, kwa maana kifungo ni chuma, na chuma huweza kushindwa.

Pili, atawasiliana na kampuni, awape namba ya bunduki, jina lake, na mahali anapokaa. Kampuni humpelekea maagizo na lebo iliyokwisha kulipiwa, na mara nyingine sanduku la kufungia.

Tatu, ataifunga bunduki kwa uangalifu. Atavua darubini na mkanda kama ameagizwa hivyo, maana vitu vidogo hupotea kwa urahisi kiwandani. Ataandika namba ya bunduki katika daftari lake, na kupiga picha za bunduki yenyewe, ili ikirudi na mkwaruzo au kitako kilichopasuka awe na ushahidi. Ndani ya sanduku hatatia risasi hata moja, kwa kuwa posta ya Marekani haipokei risasi. Nje ya sanduku hataandika neno lo lote la kuonyesha kwamba ndani mna silaha, wala aichukuaye hawezi kumlazimisha aandike, kwa sababu sheria imekataza alama ya namna hiyo. Sanduku lenye jina la bunduki ni mwaliko kwa mwizi.

Nne, ataipeleka mwenyewe mahali pa kupokelea, na kuchukua stakabadhi yenye namba ya mzigo. Akiipoteza stakabadhi hiyo, atakuwa kama mtu aliyeweka ng'ombe kwa jirani bila shahidi.

Tano, atangoja.

SHERIA ZA NJIANI

Hapa ndipo taabu nyingi zinapoanza, na kila taabu ina asili yake. Mwaka 1968, baada ya mauaji ya viongozi wakubwa wa nchi ile, Marekani ilitunga sheria ya silaha iliyozuia watu wa majimbo mbalimbali kupelekeana bunduki wao kwa wao. Tangu hapo bunduki ivukayo mpaka wa jimbo hupita kwa kawaida katika mkono wa mtu mwenye leseni. Hata hivyo sheria hiyo iliacha mlango mmoja kwa ajili ya matengenezo. Raia aweza kuipeleka bunduki yake kwa fundi au kiwanda chenye leseni katika jimbo jingine, na kiwanda chaweza kumrudishia yeye mwenyewe moja kwa moja, bila kupitia duka. Ikiwa bunduki haitengenezeki, kiwanda chaweza kumpa nyingine ya namna ile ile. Kiwanda hutakiwa kuandika katika daftari siku bunduki ilipoingia na siku ilipotoka, na majimbo mengine yana sheria zao zaidi ya hizo.

Posta nayo ina kanuni zake. Bunduki ndefu, ikiwa tupu, huweza kutumwa na raia. Bastola ni habari nyingine. Sheria ya mwaka 1927 iliwakataza raia wa kawaida kupeleka kwa posta silaha inayoweza kufichwa mwilini, na kwa zaidi ya miaka tisini katazo hilo liliongoza kazi ya makarani wa posta. Kwa hiyo mwenye bastola iliyoitwa kiwandani alilazimika kutafuta kampuni ya binafsi ya kubeba vifurushi, au kumwendea mfanyabiashara mwenye leseni na kumlipa ili aitume kwa niaba yake. Mwaka 2022 kampuni kubwa za kubeba vifurushi zilikaza masharti yao, zikataka silaha zitumwe na wenye leseni waliopatana nazo kwa maandishi. Tangu hapo lebo inayotoka kwa kiwanda chenyewe imekuwa na thamani kuliko zamani, maana raia akifika mlangoni bila lebo hiyo huenda akaambiwa arudi na mzigo wake.

Kisha kuna jambo la sahihi. Mzigo wa silaha hauachwi barazani. Mtu mzima hutakiwa kuupokea na kutia sahihi. Yule mkulima akiwa shambani wakati gari linapofika, mzigo hurudi ulikotoka, na kesho yake shida ni ile ile. Wengine hupoteza siku ya kazi wakikaa nyumbani kungojea hodi.

KUNGOJA NA KUAHIRISHA

Kazi ya kukagua bunduki za miaka minane haimalizwi kwa juma moja. Tangazo lilitolewa mwezi wa Aprili, na katika majimbo mengi msimu mkubwa wa kuwinda kulungu huangukia miezi ya Oktoba na Novemba. Kwa hiyo mwindaji aliyechelewa kupeleka bunduki yake hakuweza kujua kama ingerudi kabla ya msimu. Kwa jamaa wanaojaza nyama ya mwaka mzima kutokana na kulungu mmoja au wawili, swali hilo si dogo.

Basi hapo ndipo moyo wa mtu unapojaribiwa. Bunduki imekaa kabatini. Haijawahi kulia yenyewe hata siku moja. Tangazo limesema "baadhi," na limesema "katika hali fulani." Sanduku, lebo, stakabadhi, sahihi na miezi ya kungoja vyote ni taabu iliyo wazi, na hatari yenyewe haionekani. Ni rahisi mtu kusema, "Nitaipeleka baada ya msimu." Na msimu ukipita, sababu ya kuipeleka hupoa moyoni, mpaka msimu mwingine umekaribia na maneno yale yale yakasemwa tena. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Kwa habari ya bunduki, huenda ukuta wenyewe usijengeke tena, kwa maana aliyekufa harudishwi kwa majuto.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawakulifikiri mwaka 2014. Ahadi ya kutengeneza bila malipo ni ahadi ya kampuni, na kampuni nayo hufa kama mtu. Remington ilishindwa na madeni yake ikaomba ulinzi wa mahakama mwaka 2018, ikaomba tena mwaka 2020, na katika mwaka huo mali yake iligawanywa ikauzwa kwa wanunuzi mbalimbali. Kiwanda cha Ilion kilifungwa mwaka 2024. Aliyeitikia mwito mapema aliipeleka bunduki yake kwa kampuni ile ile iliyotoa ahadi. Aliyesema "baadaye" alibaki na bunduki ya hatari na tangazo la karatasi, na kampuni iliyolitia sahihi haikuwapo tena kama ilivyokuwa.

MAFUNZO

Mtu akitazama taabu hizi moja moja huona kwamba kila moja iliwekwa kwa nia njema. Daftari la kiwanda huwasaidia polisi kuifuata bunduki iliyoibwa. Sahihi huizuia silaha isiangukie mikono ya mtoto au mwizi. Sanduku lisilo na maandishi humlinda hata mbebaji. Lakini zikijumlishwa pamoja, huweza kumchosha mtu mwema hata akaiacha bunduki mbovu nyumbani, na hivyo sheria za kuilinda jamii zikawa sababu mojawapo ya hatari kubaki pale pale. Viwanda vyenye hekima hulijua jambo hili, kwa hiyo hupeleka sanduku na lebo, hujibu barua upesi, na kumwambia mtu kwa wazi atangoja muda gani.

Kwa upande wa mwenye chombo, yako mambo matatu yaliyo katika uwezo wake hata kama njia ni ndefu. La kwanza, aijue namba ya chombo chake na aiandike mahali pa salama siku anaponunua, apate kujua upesi tangazo likitolewa. La pili, atenganishe kuacha kutumia na kupeleka: kupeleka huweza kuchukua miezi, lakini kuacha kutumia ni kazi ya dakika moja. La tatu, asimwuzie wala kumwazima mtu mwingine chombo kilichoitwa kiwandani kabla hakijatengenezwa, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumpa jirani hatari aliyoikataa yeye mwenyewe.

Yule mkulima aliyetii atakwenda mwituni mwaka ule na bunduki ya kuazima, au atakaa nyumbani na kununua nyama dukani. Hiyo ni hasara, wala hapana haja ya kuificha. Lakini watoto wake watapita mbele ya kabati lile bila kujua kwamba liliwahi kuwa na jambo la kuogopwa, na siku sanduku litakaporudi, baba yao atatia sahihi, alifungue, na atazame ndani ya chemba kwa macho yake kabla ya kufanya jambo jingine lo lote.