Mji Ule Ule, Neno Tofauti

Somo: 2 Wafalme 18–19, Yeremia 21, 37–38

Wiki hii tuna maamuzi mawili ya vita, na ukiyaweka pamoja yanaonekana kugongana.

Mwaka wa 701 KK majeshi ya Senakeribu wa Ashuru yalifika Yerusalemu. Nabii Isaya akamwambia mfalme Hezekia asiogope, adui hataingia. Na hakuingia. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Babeli ikauzingira mji huo huo, na safari hii nabii Yeremia akamwambia mfalme Sedekia atoke ajisalimishe, ndipo ataishi. Mungu ni yule yule, hekalu ni lile lile. Mbona mmoja aambiwe simama, na mwingine aambiwe toka?

Hapa ndipo tunahitaji muktadha wa historia. Maana yake si kukariri miaka na majina. Ni kuuliza: huyu mtu siku ile alijua nini, alikuwa amefungwa na ahadi gani, alimwogopa nani, na Mungu alikuwa ameshamwambia nini? Sisi tunasoma tukijua mwisho. Yeye hakuujua.

Hezekia hakukaa tu kungoja muujiza. Aliingiza maji mjini kwa mfereji (2 Wafalme 20:20). Alijaribu hata kulipa, talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, na Senakeribu akapokea halafu bado akatuma jeshi! Lakishi ilikuwa imeanguka. Senakeribu mwenyewe aliichongesha vita hiyo kwenye kuta za jumba lake Ninawi, na mawe hayo leo yako London. Kisha mjumbe wake akamtukana Mungu kwa lugha ya Kiyahudi, makusudi, ili watu walio ukutani wasikie. Hezekia hakuwa na mlango mwingine.

Sedekia alikuwa na mlango. Nebukadreza ndiye aliyemweka kwenye kiti mwaka wa 597 KK, akamwapisha kwa jina la Mungu (2 Mambo ya Nyakati 36:13). Ezekieli 17 inaonyesha Mungu alikichukua kiapo hicho kuwa chake. Sisi tuliosomea biashara tunajua sahihi ikishakaa chini ya karatasi, hiyo ni yako. Lakini katika Yeremia 21 mfalme anatuma watu wakamuulize nabii kama Bwana hatatenda tena zile kazi zake za ajabu. Naona alikuwa anamkumbuka Hezekia. Alitaka muujiza wa babu yake bila kuuliza kama hali yake ni ya babu yake.

Tusimwonee, lakini. Soma sura ya 37: jeshi la Farao linatoka Misri, Wakaldayo wanaondoka mjini. Ungekuwa Yerusalemu wiki hiyo si ungeshuhudia kwamba maombi yamejibiwa? Hanania alikuwa ameshatabiri nira itavunjwa ndani ya miaka miwili. Na katika 38:19 mfalme anafunguka: anaogopa Wayahudi waliokwisha kujisalimisha watamdhihaki. Aibu tu! Muktadha unatusaidia kumwelewa, lakini haumwondolei hatia, kwa maana Yeremia alikuwa ndani ya mji huo huo, akila mkate wa kupimiwa, na neno alilisikia.

Sasa, nimekaa na ndugu walioshika Isaya 37 dhidi ya mkopo waliosaini wenyewe. Dalali akipiga simu wanamwita Senakeribu. Wakishauriwa waende sacco waongee, wanasema huko ni kukosa imani. Mpendwa, dalali huyo si Senakeribu. Ulikopa. Toka, kaa nao mezani, omba mpango mpya wa kulipa kabla nyumba haijauzwa. Sedekia aliambiwa wazi kwamba akitoka mji hautachomwa.

Lakini kuna mama mjane ambaye shemeji zake wanataka shamba la marehemu, na hadaiwi na mtu. Huyo usimpelekee andiko la Sedekia ukimwambia aachilie ili kuwe na amani. Huyo yuko ukutani na Hezekia, na sisi kama kanisa tusimame naye, hata kwa chifu, hata kortini.

Kwa vikundi vya nyumbani, Jumatano: someni Yeremia 38:14–28 kwa sauti, na mtu asifungue sura ya 39. Kisha kila mmoja aseme, akitumia tu yale Sedekia aliyoyajua siku hiyo, angemshauri nini.