Mchezo Ufundishao na Mchezo Uhongao

Mara nyingi twawasikia wazazi wakisema, "Mwache achezee simu, mchezo ule wamfundisha hesabu." Neno hilo ni jema likiwa la kweli. Walakini si kila mchezo unaoitwa wa hesabu hufundisha hesabu, nasi twapenda kuwaonyesha wazazi namna ya kuupima.

Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Uingereza, Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth, walitangaza uchunguzi wao juu ya mchezo wa kompyuta wa kufundisha kugawanya. Mtoto hupigana na viunzi vya mifupa vitembeavyo, kila kimoja kina namba kifuani, na mapigo yake mtoto nayo yana namba. Kiunzi cha 15 hushindwa kwa pigo la 3 au la 5, maana 15 yagawanyika kwa hizo. Pigo la 2 halikiwezi. Watoto wengine walipewa mchezo uleule, ila namba zimeondolewa vifuani, na hesabu zimewekwa mwishoni mwa kila hatua kama maswali ya mtihani. Hadithi ni moja, mapigano ni yale yale. Lakini kwa muda uleule kundi la kwanza lilijifunza zaidi. Na watoto walipoachiwa wachague wenyewe, walikaa kwenye mchezo wa kwanza muda upatao mara saba ya ule wa pili.

Katika mchezo wa pili hadithi ni hongo tu: meza dawa, upewe asali. Tena hadithi yaweza hata kumpotosha mwanafunzi. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa kazi ya betri ndani ya mchezo wa kutafuta picha zilizopotea vitani walijifunza kidogo kuliko waliosoma kurasa za maelezo tu.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mtoto asiyezihesabu kete kwa macho kabla ya kuziinua, mkono wake hulala pasipofaa, na kete zake huliwa. Hakuna asimamishaye mchezo ili amwulize saba na tano ni ngapi. Vivyo hivyo bibi asimuliapo habari za Sungura na Fisi hukatiza na kuuliza, "Sasa Sungura afanyeje?" Mtoto hufikiri, kwa kuwa hadithi yamngoja. (Sisi waandishi tu wakosaji hapa: tumezoea kuliweka fundisho mkiani mwa hadithi, watoto wamekwisha kusinzia.)

Basi kabla ya kutoa fedha, mzazi na akae kando ya mtoto robo saa, amwulize, "Hapo umeshindaje?" Akijibu kwamba 18 yagawanyika kwa 3, amwache acheze. Akijibu kwamba ameyapita maswali kwa kubahatisha ili mchezo uendelee, afadhali fedha zibaki mfukoni, na bao litolewe barazani.