Jina la bidhaa nalo ni amana

Sifa zote njema anastahiki Allah (sw). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (saw).

Ndugu Waislamu, Imam Muslim amepokea kisa cha Mtume (saw) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta ndani kumelowa. Muuzaji akajitetea kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (saw) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akabainisha kuwa mdanganyifu hayuko pamoja naye.

Hebu tuyapime kwa kisa hiki yaliyotokea Marekani. Mwaka 2015 kampuni ya magari ya umeme ya Tesla ilianza kutoa programu ya kumsaidia dereva iitwayo Autopilot. Baadaye ikauza nyingine, Full Self-Driving, yaani kujiendesha kikamilifu. Kamera huangalia barabara, kompyuta ikaongoza usukani, mwendo na breki. Lakini maelekezo ya kampuni hiyo hiyo yanamtaka dereva awe macho muda wote, kwani jukumu ni lake.

Mwaka 2016 huko Florida, gari lililokuwa likiongozwa na Autopilot liliingia chini ya tela la lori lililokuwa likikata barabara. Halikufunga breki, na dereva akafa. Wachunguzi wa serikali walisema mwaka 2017 kuwa dereva aliitegemea mno programu, na kwamba programu yenyewe ilimruhusu kukaa muda mrefu bila kujishughulisha na barabara. Disemba 2023 kampuni ilikubali kurekebisha programu ya magari zaidi ya milioni 2 ili yamhimize dereva kuwa makini. Mwaka 2024 ndipo jina la Full Self-Driving likaongezewa neno la kuonesha kuwa linahitaji usimamizi.

Tunajifunza nini?

Kwanza, muuzaji ana wajibu wa kubainisha. Jina kubwa ndiyo nafaka kavu ya juu. Onyo lililofichwa katika kitabu cha maelekezo ndiyo nafaka iliyolowa. Haitoshi kusema, "Tuliandika." Mnunuzi huamini jina kabla hajafungua kitabu.

Pili, dereva naye hasalimiki. Mtume (saw) alimuelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ndiyo amtegemee Allah. Ikiwa kumtegemea Mola hakuondoi wajibu wa kamba, vipi kuitegemea kompyuta kuondoe wajibu wa macho?

Tatu, kuna asiyenunua wala kuendesha. Mwaka 2019, huko Key Largo, dereva aliyekuwa ametumia Autopilot aliinama kuokota simu. Gari likaua binti wa miaka 22 aliyesimama kando ya barabara. Agosti 2025 baraza la mahakama mjini Miami liligawa lawama: asilimia 67 kwa dereva, 33 kwa kampuni, ambayo ilitakiwa kulipa kiasi cha dola milioni 243. Kampuni ikasema itakata rufaa. Lakini binti yule hakuridhia jaribio lolote, na Uislamu umekataza mtu kudhuru wengine.

Ewe ndugu mfanyabiashara, usiseme haya ni ya Wamarekani. Unayeuza gari lililogongwa ukaliita safi, au simu iliyofunguliwa ukaiita mpya, rundo lako nalo lina unyevu ndani. Liweke lililolowa juu, watu walione.

Allah atujaalie ukweli katika biashara zetu. Amin.