Saruji ya Jino



Hapa Gisenyi kuta nyingi ni za mawe meusi ya volkano yaliyoshikanishwa kwa saruji. Juzi rafiki yangu mmoja alinijia ameshika shavu. Daktari wa meno alimwambia kwamba mzizi wa jino lake umetoboka, naye ataliziba tundu kwa dawa iliyo jamaa ya saruji. Rafiki yangu aliogopa, akaona heri jino ling'olewe. Nilimwomba angoje, nikamweleza haya.

Jino halikupigiliwa katika mfupa kama msumari katika ubao. Kati ya mzizi na mfupa mna kano nyembamba, isiyofika nusu milimita. Kano hiyo imejaa chembe hai zinazotengeneza nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazolishika jino. Mzizi ukitoboka, dawa itagusana na chembe hizo. Basi haitoshi dawa izibe tundu. Yapasa pia isiziue.

Wataalamu hupima hivi. Huchukua chembe za kano katika meno mazima yaliyong'olewa, huzilea chomboni katika joto la digrii 37, kisha huzikutanisha na dawa. Baada ya siku moja, na tena baada ya siku kadhaa, huhesabu zilizo hai na kutazama kama zimejishikiza juu ya dawa.

Zamani madaktari walitumia sana amalgamu, au unga wa zinki uliochanganywa na dawa itokayo katika mafuta ya karafuu. Karafuu, kama zile za Pemba, hutuliza jino linalouma. Lakini chomboni dawa yake ni kali, huua chembe za kano. Kuanzia mwaka 1993 Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, walieleza dawa iitwayo MTA. Asili yake ni saruji iliyosafishwa, ikatiwa madini ya bismathi ili ionekane katika picha ya eksirei. Ingali mbichi ni kali, na chembe za karibu huweza kudhurika. Ikisha kuganda, chembe hujishikiza juu yake na kuongezeka. Taabu yake ni kwamba huchukua karibu saa tatu kuganda.

Lakini mtu asichukue saruji ya kiwanda cha Bugarama, wala nyingine yoyote ya kujengea, akajiziba jino! Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mwili, na saruji za ujenzi huweza kuwa na risasi na aseniki.

Tena tukumbuke kwamba chombo si kinywa. Kinywani mna mate, damu na vijidudu. Tundu kubwa au lililokaa muda mrefu huweza kushinda dawa. Kwa hiyo daktari hupiga picha tena baada ya miezi kadhaa.

Rafiki yangu alikubali kuzibwa. Nanyi mkishauriwa kung'oa jino, ulizeni kwanza: je, laweza kuponywa? Likisha kung'olewa, jingine halioti.